Vijiti vya Lontulu na Simu za Mapendo

Wanangu, simu zenu zimejaa maiti. Sisemi hivyo kwa kuwatukana. Na yangu imejaa, maana ni ninyi mnaonitumia. Tangu vita ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kila mara kuna kijana wa mtaa wetu huu wa Mapendo anayenisogezea kioo chake nimwone mtu amelala kando ya barabara, na chini ya picha maneno matatu manne ya hasira. Namwuliza: huyu ni nani? Hajui. Hapa ni wapi? Wanasema ni upande wa Rutshuru. Wanasema akina nani? Wa kwenye grupu. Lini? Hapo anaanza kuona namchosha. Baada ya siku chache picha ileile inarudi kwa njia nyingine, safari hii ni ya Beni, na waliofanya ni watu wengine kabisa. Mega zimeliwa, hasira imeongezeka, na marehemu hana hata jina.

Mnaniita Papa Mwalimu kwa sababu nilifundisha historia, basi nivumilieni niwape somo la mbali kidogo. Nawapeleka Uingereza. Najua mtaguna: Waingereza wanatuhusu nini sisi wa Kivu, tuliotawaliwa na Mbelgiji? Ngojeni. Historia ya watu wale, ya dini yao, siasa yao na elimu yao, ukiivua majoho ya wafalme inabaki ugomvi mmoja mrefu: nani aaminiwe, na aaminiwe kwa lipi. Waligombana hivyo zaidi ya miaka 150, wakichomana moto na kukatana vichwa, na mazoea waliyoyapata humo ndiyo yaliyokuja kumkabili Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, kuhusu mikono ya wazee wetu iliyokatwa. Si kwamba walikuwa wema kuliko sisi. Nitafika hapo pia.

Walianza na dini, kama kawaida ya wanadamu. Mtu mmoja, William Tyndale, alitafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza wakati ambapo maaskofu wao hawakutaka mkulima ajisomee. Akakimbia nchi. Alikamatwa Antwerp mwaka 1535, na mwaka uliofuata akanyongwa na mwili wake kuchomwa moto pale Vilvoorde, jirani kabisa na Brussels. Wakati huo mfalme wa Uingereza, Henry wa Nane, alikuwa tayari ameachana na Papa na kujifanya mkuu wa kanisa. Binti yake Mary alipopata kiti aliirudisha nchi kwa Papa, na kati ya 1555 na 1558 Waprotestanti karibu 300 walichomwa wakiwa hai. Akaja mdogo wake Elizabeth, kibao kikageuka, zamu ikawa ya mapadri Wakatoliki kunyongwa na kupasuliwa matumbo. Hapa Mapendo Mkatoliki na Mprotestanti wanakopeshana makala na chumvi, kwa hiyo huenda mkaona hayo ni mambo ya wendawazimu. Walikuwa watu wenye akili zao timamu, wasomi wengi miongoni mwao.

Sasa sikilizeni habari ya John Foxe, maana huyo ndiye babu wa mambo yenu ya simu. Foxe alikuwa Mprotestanti aliyekimbilia ng'ambo enzi za Mary. Aliporudi alikusanya habari za waliochomwa, akachapa kitabu kikubwa mwaka 1563. Angeweza kuandika tu kwamba wenzetu wengi waliuawa kikatili, na wasomaji wangelia. Hakuridhika na hilo. Alifungua daftari za mahakama za maaskofu wenyewe, yaani maandishi ya adui, akanakili maswali na majibu. Alikusanya barua zilizotoroshwa magerezani. Aliandika mtu fulani, kazi yake fulani, mji fulani, siku fulani.

Ndiyo maana leo, karne zaidi ya nne baadaye, mimi mzee wa Goma naweza kuwaeleza habari za Joan Waste. Alikuwa msichana wa mji wa Derby, kipofu tangu kuzaliwa, miaka 22. Alijifunza kufuma soksi, na alimsaidia baba yake kusokota kamba. Pesa alizodunduliza alinunua Agano Jipya, kitabu ambacho hakuweza kukisoma, kisha akawa anamwendea mzee mmoja aliyefungwa kwa deni amsomee sura kila siku. Mzee akiugua, msichana anatafuta mwingine na kumlipa senti moja mbili. Walimchoma tarehe 1 Agosti 1556. Ningewaambia tu kwamba Uingereza walichoma kipofu, mngesema pole mkaendelea na mambo yenu. Lakini soksi, kamba, na zile senti mbili za kusomewa, hizo hamtazisahau leo.

Foxe alikosea pia. Mwanazuoni Mkatoliki, Nicholas Harpsfield, akiwa gerezani chini ya Elizabeth, aliandika kitabu cha kuchokonoa makosa yake: huyu hukumweleza sawasawa, yule tarehe si hiyo. Foxe alikasirika, akamjibu kwa matusi kama mnavyojibizana ninyi kwenye maoni ya Facebook. Halafu akafanya jambo ambalo sijaona kijana wa grupu akilifanya: alirudi kwenye daftari, akahakiki upya, na chapa ya 1570 ikatoka imerekebishwa mahali pengi na imeongezewa nyaraka. Adui ndiye aliyemfanya awe mwandishi bora. Mtu akikuuliza "una hakika?", usimtoe kwenye grupu.

Ila kuna jambo Foxe hakulitibu, nalo ndilo linalonitia hofu nikiwatazama ninyi. Alihesabu maiti za upande mmoja. Mwaka 1586, katika mji wa York, Margaret Clitherow, mke wa mchinjaji, alishtakiwa kwa kuficha mapadri. Alikataa kujibu shtaka, maana kesi ikisikilizwa watoto wake wangelazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake. Adhabu ya kukataa kujibu ilikuwa kulazwa chini, kuwekewa mlango juu ya mwili na kurundikiwa mawe mpaka kufa. Ndivyo alivyokufa, mwezi Machi. Habari zake ziliandikwa na padri wake, zikasomwa na Wakatoliki kwa siri, huku kitabu cha Foxe kimewekwa kwa amri katika makanisa makuu. Kwa hiyo nchi moja ikawa na orodha mbili za wafu, kila moja ya kweli, na watoto wa kila upande walikua wakisomewa ya kwao peke yake. Matokeo? Mkatoliki wa Uingereza hakuruhusiwa kuketi bungeni mpaka mwaka 1829. Miaka zaidi ya 240 baada ya mawe ya York!

Huku kwetu kila kabila lina orodha yake. Mnazijua, mmezinyonya na maziwa. Mtu wa Masisi ana miaka yake asiyoisahau, wa Rutshuru ana yake, wa Beni ana yake. Sitaki mzichane. Nataka kijana anayeandika ya kwao aende mlango wa pili akaulize na huko walizika nani. Ni kazi ngumu, na atakaporudi nyumbani ataitwa msaliti. Nawaambia mapema ili msije mkashangaa.

Nisiwachoshe na wafalme. Katikati ya karne ya 17 walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi mawili yakimwomba Mungu mmoja kwa Kiingereza kimoja, na mwaka 1649 walimkata kichwa mfalme wao Charles wa Kwanza hadharani. Miaka miwili kabla, askari wa jeshi lililomshinda walikaa kanisani Putney, karibu na London, wakabishana na wakubwa wao kama maskini naye ana haki ya kuchagua watawala. Karani William Clarke aliandika kwa mwandiko wa mkato nani alisema nini. Karatasi zake zikalala chuoni Oxford mpaka karne ya 19 ilipokuwa inaisha, ndipo mtu akazisoma na kuzichapa. Hebu fikirini: mabishano ya wapiganaji, mengine ya watu wa chini kabisa, yamehifadhiwa kwa sababu karani mmoja hakuchoka kuandika.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha 1670. Wakati huo dini zisizo za serikali zilikatazwa kukutanika. Waquaker, watu wasiobeba silaha na wasiomvulia kofia mkubwa yeyote, walikuta askari wamefunga nyumba yao ya ibada London, basi William Penn akahubiri palepale nje, Gracechurch Street. Akashtakiwa pamoja na mwenzake kwa mkutano haramu wenye fujo. Kesi ikawekwa mbele ya juri, raia 12 wa kawaida. Hakimu alitaka waseme ana hatia. Wakatoka kujadiliana, wakarudi na jibu hili: ana hatia ya kuhutubia Gracechurch Street. Basi. Hakimu akauliza: katika mkutano haramu? Hawakuongeza neno. Ushahidi waliousikia ulionyesha mtu amesema barabarani, na hawakuwa tayari kusema zaidi ya hapo.

Wakafungiwa siku mbili usiku na mchana, bila chakula, bila maji, bila moto, hata chombo cha kujisaidia hawakupewa. Wakatoka na jibu la kumwachia Penn huru kabisa. Wakatozwa faini, Edward Bushell na wenzake wachache wakakataa kulipa, wakalala gerezani mpaka mahakama ya juu ilipoamua kwamba juri haliwezi kuadhibiwa kwa uamuzi wake. Wanasheria husoma kesi hiyo kwa ajili ya kanuni yake. Mimi naipenda kwa lile jibu la kwanza. Ulichoona ni mtu amesema barabarani? Andika kwamba alisema barabarani. Umeona gari limebeba watu wenye bunduki limeelekea Sake? Andika gari, saa na njia. Kwamba walikuwa wanakwenda kuua, hilo hukuliona.

Miaka hiyohiyo wataalamu wao wa sayansi walianzisha Royal Society, mwaka 1660, na kuazimia kutochukua jambo kwa sababu tu mkubwa kasema. Mwaka 1695 sheria ya kuomba ruhusa kabla ya kuchapa kitabu ikaachwa ife. Magazeti yakafumuka, mengi yao ya umbea mtupu. Taratibu likajengeka zoea: bunge linachapa taarifa, mtu anazisoma, anazibishia gazetini, mwingine anamjibu kwa takwimu.

Zoea hilo ndilo lililomkuta Leopold. Kulikuwa na karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Morel, aliyetumwa mara kwa mara bandari ya Antwerp. Kongo hakuwahi kufika. Aliangalia vitabu vya mizigo tu: meli zinakuja kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, zinarudi zimebeba bunduki na risasi, bidhaa za kununulia huo mpira karibu hakuna. Akajiuliza: kama hawalipwi, wanafanyishwaje kazi? Akaacha mshahara wake akaanzisha gazeti. Mwezi Mei 1903 bunge la Uingereza likapitisha azimio juu ya Kongo, na serikali ikamwagiza konsuli wake, Roger Casement, Mwairlandi, apande mto akaone.

Casement alikodi meli ndogo ya wamishonari wa Kimarekani ili asiwe na deni la usafiri kwa serikali ya Leopold. Alisikiliza watu vijijini, akaandika jina, umri, kijiji, jina la mlinzi wa kampuni aliyefanya. Taarifa yake ilichapwa London mwezi Februari 1904. Alipoiona alipandwa na hasira: Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imefuta majina ya watu na ya vijiji na kuweka herufi tu. Aliona wamemng'oa meno, kwamba sasa yeyote angeweza kudai hadithi zimetungwa.

Hapa tusimame, kwa sababu ninyi mko katika njia panda ileile. Casement alikuwa na haki, ushahidi usio na jina ni mwepesi. Lakini yeye alikuwa konsuli, na usiku alilala kwenye meli yake. Mama aliyekuambia jambo hapa Mapendo analala nyumba ya mbao yenye kufuli la buku moja, na jina lake likisafiri kwenye grupu la watu 200 linaweza kumrudia usiku akiwa na watoto. Kwa hiyo mimi nasema hivi: tarehe na mahali na jambo lililotendeka visafiri, jina libaki kwenye daftari, na daftari lisikae nyumba moja na simu. Kama mwenyewe amekubali kutajwa, mwulize tena baada ya siku kadhaa, maana ndiyo ya leo ya mtu mwenye uchungu si lazima iwe ndiyo ya kesho.

Tena yuko Epondo. Huyo alikuwa kijana wa Bosunguma aliyekatwa mkono, akamtaja kwa Casement mlinzi aliyemkata. Watu wa kijiji wakamthibitisha. Casement alipoondoka, maafisa wa serikali wakamchukua Epondo, na mara akasema hapana, ni nguruwe mwitu aliyening'ata. Watetezi wa Leopold wakashangilia Ulaya nzima: mwaona, taarifa yote uongo! Epondo simlaumu, aliachwa peke yake na wenye bunduki. Taarifa ilisalimika kwa sababu haikuegemea mkono mmoja. Ilikuwa na mashahidi wengi wa mahali pengi ambao hawakujuana. Ninyi mnapenda kisa kimoja kinachotikisa, kile cha damu zaidi, mkakisambaza peke yake. Siku shahidi huyo akitishwa na kugeuza maneno, mmezika na wengine kumi waliosema kweli.

Na picha? Mama mmoja mmishonari, Alice Seeley Harris, aliishi na mumewe Baringa, nchi ya kampuni ya mpira ya ABIR. Mwezi Mei 1904 alifika mtu wa kijiji cha Wala, jina lake Nsala, amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wa mpira. Mama Harris alimwomba akae barazani akampiga picha, baba ameketi, ametazama vile viungo viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake sakafuni. Mmeiona, inazunguka sana mitandaoni. Mara nyingi inazunguka bila jina, na huo ni wizi wa pili. Picha ile ilipoonyeshwa kwa taa katika makanisa na kumbi za Uingereza, Harris na mumewe walisimama kando yake wakiwa na majibu: huyu ni Nsala, wa Wala, alikuja siku fulani, na aliyeipiga picha ni huyu hapa. Na tazameni alichokichagua kuonyesha. Uso wa baba. Yale yaliyobaki ya mtoto ni madogo, inabidi utafute macho yako yayaone. Ninyi mnasogeza simu mpaka kwenye kidonda.

Msidhani wazungu wote waliokaa Kongo walishuhudia. George Grenfell wa misheni ya Baptisti, mtu hodari aliyepima mito yetu kwa meli yake, alimwamini Leopold miaka mingi, akavaa nishani zake, akakubali kuingia katika kamati ya kulinda wenyeji ambayo haikulinda mtu. Alikuja kugutuka amechelewa, akafa Basoko mwaka 1906. Kuishi karibu na jambo hakutoshi kukufanya ulione.

Leopold alibanwa mpaka akaunda tume yake mwenyewe, mahakimu watatu, akitumaini wangemsafisha. Walikuja 1904, wakasikiliza mashahidi 370. Na huko Baringa alisimama mbele yao chifu wa Bolima, Lontulu. Hakuwa na karatasi wala kamera. Alileta vijiti 110. Akavipanga juu ya meza mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Halafu akashika kimoja kimoja akataja jina la mtu aliyekufa kwa ajili ya mpira.

Nimewazungusha Derby na York na London ili nifike kwenye meza hiyo. Foxe alihitaji daftari za maaskofu na Casement alihitaji mshahara wa serikali. Lontulu alihitaji mti. Hakuna aliyemfundisha kwamba wafu huhesabiwa mmoja mmoja, wakapangwa kwa aina, wakatajwa. Wale mahakimu, walioletwa na Leopold mwenyewe, walishindwa kumkanusha, na taarifa yao ya 1905 ikathibitisha mengi ya Casement. Mwaka 1908 Kongo ikanyang'anywa mkononi mwa mfalme ikapewa serikali ya Ubelgiji, jambo ambalo halikutuletea uhuru, lakini lilimaliza biashara ya mtu mmoja. Mwezi Agosti mwaka huohuo majiko ya ofisi zake Brussels yaliunguza nyaraka za Kongo siku nane mfululizo. Maneno ya wale mashahidi 370 yenyewe yalifungiwa, na hayakuachiwa wasomaji mpaka miaka ya 1980. Mzee Lontulu alisema, akaandikwa, akawekwa kabatini miaka 75.

Na Waingereza wetu? Casement walimnyonga wenyewe London, tarehe 3 Agosti 1916, kwa kupigania uhuru wa Ireland. Morel walimfunga 1917 kwa kupinga vita. Na huko Kenya walifanya ya kwao. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na walinzi mpaka wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Walipoondoka Afrika walichoma mafaili na mengine wakayasafirisha kwa siri mpaka jumba la Hanslope Park. Yalifichuka mwaka 2011 kwa sababu wazee wachache wa Kenya waliishtaki serikali London, na kesi yao ikalazimisha makabati yafunguliwe. Mwezi Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni akatamka masikitiko na kutangaza pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Mtu akiwaambia kwamba Waingereza waliwapa dunia haki, mwulize kuhusu Hola. Akiwaambia kwamba hawakutupa kitu, mwulize basi wale wazee walishinda kwenye mahakama ya nani, na kwa sheria ipi.

Kwa hiyo nawaomba jambo dogo lenye kuchosha. Picha ikikufikia bila mahali, tarehe, na mtu anayeweza kusema nilikuwepo, iishie kwako. Ukiona jambo kwa macho yako, liandike siku hiyohiyo, kabla grupu halijakusaidia kulikumbuka. Tenganisha ulichoona na ulichosikia, hata kwa mstari wa kalamu katikati ya ukurasa. Ukikosea, sahihisha kwa sauti ileile uliyokosea nayo. Marehemu usimvue nguo mara ya pili.

Yuko nani kati yenu mwenye mwandiko unaosomeka? Jumamosi, salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya mtaa, ikiisha, aje kwangu na daftari, simu aiache nyumbani. Tutaanza na mabomu yaliyoangukia kambi za wakimbizi upande wa Mugunga na Lac Vert tarehe 3 Mei 2024. Kuna mama wawili hapa Mapendo waliokuwepo siku hiyo. Wamekubali kuzungumza, kila mmoja peke yake, na wa kwanza amesema hataki mwanamume aketi karibu na mlango.